Jinsi ya kuzunguka maduka ya mafundi wa Oltrarno, Firenze, bila kupigwa

Watu wengi wakifika Firenze wanafanya mambo yaleyale, wanashuka treni pale Santa Maria Novella, wanaenda kanisa kuu kupiga picha, wanatembea mpaka katikati ya Ponte Vecchio, wanaangalia mto, alafu wanageuka kurudi walikotoka. Wanaishia katikati ya daraja jamani! Na ukimaliza tu lile daraja ndo unaingia mtaa ambao mimi nikiambiwa nichague sehemu moja ya Italia ya kurudi kesho ningeuchagua huo. Unaitwa Oltrarno, maana yake ng'ambo ya mto Arno, vilevile kama Unguja walivyoita Ng'ambo ule upande mwingine wa Mji Mkongwe. Nimeenda mara tatu, mara ya kwanza na dada yangu na tulikosea karibu kila kitu, kwa hiyo haya ninayoandika ni yale ambayo ningependa mtu angetuambia kabla hatujatoa hela.

La kwanza na ndo kubwa kuliko yote: huku usitafute duka, tafuta fundi. Maduka mazuri yenye taa na vioo yapo mji mzima. Kilichobaki Oltrarno ambacho sehemu nyingi za Ulaya kimeshaondoka ni mtu anayetengeneza kitu palepale anapokiuzia, mbele dirisha la duka na nyuma karakana, Waitaliano wanaita bottega. Ukipita unasikia nyundo, unasikia msasa, unanusa gundi na vanishi na ngozi. Fuata hizo kelele na hiyo harufu kuliko unavyofuata simu.

Kwa nini mafundi wako upande huu? Mwaka 1549 familia ya Medici, waliokuwa watawala wa Firenze, walinunua jumba la Pitti lililoko huku ng'ambo, na mtawala akihamia sehemu wakubwa wengine nao wanamfuata, wakajenga majumba yao kwenye mtaa wa Via Maggio, sasa jumba la tajiri linataka viti, linataka fremu za kupakwa dhahabu, linataka mapazia ya hariri na vitasa na taa, basi seremala na wachongaji na wafumaji na masonara wakajaa kwenye vichochoro vya nyuma. Karne nyingi sana zimepita na bado wapo, japo wanapungua, kodi za pango zinapanda na nyumba zinageuzwa za kupangisha watalii. Pia mafuriko ya tarehe 4 Novemba 1966 yaliwaumiza vibaya kwa sababu karakana ziko chini kabisa usawa wa barabara, ukitembea angalia ukutani utaona vibao vidogo vyenye mstari unaoonyesha maji yalifika wapi, vingine viko juu kuliko kichwa chako. Nilisimama chini ya kimoja nikafikiria mbao na mashine na karatasi za mtu zote ndani ya tope, nikaacha kushangaa bei zao.

Sasa muda wa kwenda, maana hapa ndo tulipoteza siku nzima. Tulifika Jumatatu asubuhi tukakuta milango imefungwa mtaa mzima. Kumbe Jumatatu asubuhi maduka mengi ya namna hii hayafungui, na Jumapili pia mengi yamefungwa. Alafu kuna mapumziko ya mchana, kuanzia kama saa saba hivi mpaka saa tisa na nusu au saa kumi fundi anafunga anaenda kula, na ukikuta kakaratasi kameandikwa torno subito maana yake narudi sasa hivi, ila hiyo sasa hivi inaweza kuwa nusu saa. Mwezi wa nane usiende kabisa kama lengo lako ni mafundi, wiki za kuzunguka tarehe 15 Agosti wengi wanafunga wanaenda baharini, mlangoni unakuta chiuso per ferie, tumefunga kwa likizo. Siku nzuri ni Jumanne mpaka Ijumaa, saa nne mpaka saa sita mchana, alafu tena saa kumi mpaka saa moja jioni. Ukipenda vitu vya zamani, uwanja wa Santo Spirito huwa na soko la vitu vya kale na vya mikono Jumapili ya pili ya mwezi, hiyo ndo Jumapili pekee ambayo ningekushauri.

Kitu kingine ambacho kinachanganya kila mgeni ni namba za nyumba. Firenze kuna namba za aina mbili kwenye mtaa mmoja! Nyekundu ni za biashara, bluu au nyeusi ni za makazi, na kila rangi inahesabu kivyake, kwa hiyo unaweza kutafuta namba 20 ukaiona, ukagonga, akatoka bibi wa watu na aproni, kumbe duka lako ni 20 nyekundu na liko mbele huko kabisa. Kwenye anwani namba nyekundu inaandikwa na herufi r mwisho, mfano 20r. Ukiona hiyo r tafuta rangi nyekundu ukutani basi.

Njia ninayoipenda ni hii. Usivukie Ponte Vecchio, vukia daraja linalofuata, Ponte Santa Trinita, kwanza halina msongamano na pili ukiwa juu yake unaiona Ponte Vecchio yote. Hili daraja Wajerumani walililipua mwaka 1944 walipokuwa wanarudi nyuma, wakaiacha Ponte Vecchio peke yake, na watu wa Firenze baadaye wakatoa mawe mtoni wakalijenga upya vilevile, likafunguliwa 1958. Ukimaliza daraja una njia tatu mbele yako. Kushoto Borgo San Jacopo, butiki za nguo na viatu, nyingi za bei ya juu. Mbele moja kwa moja Via Maggio, huko ni vitu vya kale, makabati ya karne ya 17 na picha kubwa, wewe angalia madirisha tu na uinue macho kuona kuta zilizochorwa. Kulia Via Santo Spirito, na huku ndo ningeanzia mimi, ukiifuata bila kukata kona inageuka kuwa Borgo San Frediano, mtaa wa watu wa kawaida ambao bado una fundi baiskeli na duka la mboga katikati ya butiki.

San Frediano kuna kiwanda cha hariri kinaitwa Antico Setificio Fiorentino, kipo tangu 1786, wanafuma kwa vitanda vya kufumia vya mkono vya zamani na wana mashine ya kupanga nyuzi iliyotengenezwa kufuatana na mchoro wa Leonardo da Vinci. Unaweka miadi kabla ya kwenda, hauingii tu. Kitambaa chao ni ghali sana lakini kama unajali nguo na ufumaji weka hiyo miadi, ukisikia vile vitanda vinavyogonga utaelewa kwa nini mita moja ni ghali. Ukirudi pitia uwanja wa Santo Spirito, alafu ingia vichochoro vya kati ya Via Maggio na Pitti, Via Toscanella, Via dello Sprone, kauwanja kadogo ka Piazza della Passera, hapo ukae unywe kahawa. Kuchepuka upande wa San Niccolò mbele ya Ponte Vecchio kunataka siku nyingine, usijaribu vyote siku moja, karakana tano ulizokaa vizuri zinatosha. Na vaa viatu vya kutembelea, barabara ni za mawe na njia za miguu ni nyembamba mpaka mnapishana kwa zamu.

Kuingia dukani. Hapa Mswahili ana bahati maana adabu yao inafanana na yetu. Usiingie kimya. Mlango ukiwa wazi sema permesso, hiyo ndo hodi yao, watakujibu prego au avanti, karibu. Alafu salamu, buongiorno, kuanzia alasiri buonasera. Ukiingia unaangalia vitu bila kusalimu fundi anaona umemdharau na kwa kweli umemdharau, ni karakana yake. Kama hununui bado sema do solo un'occhiata, naangalia tu, hakuna atakayekusumbua. Usishike kitu kabla ya kuuliza posso?, yaani naweza?, na picha vilevile uliza, baadhi hawataki kabisa kwa sababu watu wanapiga picha miundo yao wanaenda kuiga. Swali moja ambalo linafungua milango yote ni lo fa lei?, yaani unakitengeneza wewe mwenyewe? Fundi wa kweli uso unabadilika, anakuonyesha meza yake, anakuonyesha kilichoko nusu. Muuzaji tu atajibu yes yes handmade na kuendelea na simu, hapo umeshapata jibu.

Mara ya pili niliuliza hilo swali kwa mama mmoja anayetengeneza karatasi za marumaru, zile zenye mawimbi ya rangi kama mkia wa tausi, Firenze inajulikana sana kwa hizo, familia ya Giannini pale karibu na Pitti wako kwenye kazi ya karatasi na vitabu tangu 1856. Huyu mama karakana yake ni ndogo kama jiko. Akaniita nyuma. Kuna trei bapa imejaa maji, lakini sio maji matupu, ni mazito kama uji mwepesi, yametiwa mwani. Akachukua brashi akadondosha rangi, bluu, nyeupe, dhahabu, na kila tone likaanguka likatanuka kama duara na wala halikuzama wala kuchanganyika na jirani yake, akaniambia ndani ya rangi kuna nyongo ya ng'ombe, hiyo ndo inafanya rangi ikae juu na kutanuka. Alafu akachukua chanuo, ubao wenye meno ya pini, akalivuta taratibu kutoka upande mmoja mpaka mwingine, na yale maduara yakavunjika yakawa mamia ya manyoya madogo yamepangana. Nikashika pumzi. Akalaza karatasi juu kuanzia kona moja ili hewa isibaki chini, akahesabu kidogo, akainyanyua, na mchoro wote umehamia kwenye karatasi, na majini hakuna kilichobaki. Kwa hiyo kila karatasi ni moja tu, haiwezi kurudiwa. Nilinunua mbili na daftari moja, na kama unataka zawadi ya bei ambayo mtu wa kawaida anaiweza anzia hapa, ila geuza karatasi nyuma kwanza, iliyochapwa kwa mashine nyuma ni nyeupe safi kabisa na michoro inajirudia ileile, ya mkono utakuta doa dogo pembeni au mahali rangi imeruka.

Ngozi ndo sehemu watu wanapigwa zaidi. Mara ya kwanza dada yangu alinunua mkoba duka moja karibu na kwenye watalii wengi, muuzaji alimwambia ngozi halisi, akawasha kiberiti cha gesi akakipitisha juu ya mkoba kuonyesha hauungui, sisi tukaamini. Miezi minne baadaye Dar mkanda ukaanza kubanduka kama rangi ya ukutani. Kwa hiyo sikiliza. Kiberiti sio kipimo. Tafuta maneno vera pelle au vero cuoio, yaani ngozi halisi, na ukiona similpelle hiyo ni ya kuigiza. Kwenye viatu Ulaya kuna alama, mchoro wenye umbo la ngozi ya mnyama iliyotandazwa maana yake ni ngozi, mchoro wa almasi maana yake ni malighafi nyingine, na zinatofautishwa juu ya kiatu, ndani, na soli, kiatu kimoja kinaweza kuwa ngozi juu na plastiki chini. Na maandishi Italian leather sio lazima yamaanishe mkoba umeshonwa Italia, ngozi inaweza kutoka hapa na kushonwa kwingine.

Zaidi ya lebo, angalia kwa macho na vidole. Angalia ukingo pale ngozi ilipokatwa, ngozi halisi utaona nyuzinyuzi kama za nyama kavu, ya kuigiza utaona kitambaa kimebandikwa plastiki. Bonyeza kwa kidole gumba, ngozi inakunjamana vimikunjo visivyofanana alafu inarudi. Nusa. Angalia mshono, mshono wa mkono unalala kidogo mshazari na uzi una nta. Toscana, jimbo ambalo Firenze ipo, wana utaratibu wa zamani wa kulainisha ngozi kwa dawa za magome ya miti, inachukua wiki kadhaa badala ya siku chache, viwanda viko mbele kando ya mto huohuo Arno kuelekea Pisa, na ngozi hiyo inabadilika rangi kadiri unavyoitumia, inazidi kuwa nzuri. Ina kikaratasi cha dhamana chenye namba, kimeandikwa Pelle Conciata al Vegetale in Toscana. Muulize fundi, anayeitumia anajivunia kukuonyesha.

Dhahabu na fedha haraka haraka. Ponte Vecchio ni masonara watupu tangu 1593 mtawala alipoondoa wachinjaji kwa sababu ya harufu, ila bei ya pale juu unalipia na mandhari, masonara wa vichochoroni Oltrarno utamkuta mtu na msumeno mwembamba kama uzi anatoboa bamba la dhahabu liwe kama kilemba cha lesi. Chochote utakachonunua lazima kiwe na mihuri, 750 ni dhahabu ya karati 18, 925 ni fedha, na pembeni kuna muhuri wa mtengenezaji wenye kinyota, namba na herufi za mkoa, FI ni Firenze, AR ni Arezzo. Omba kioo cha kukuzia uione mwenyewe, hakuna atakayekasirika.

Nguo, jihadhari na saizi. Saizi 42 ya mwanamke Italia ni kama 10 ya Uingereza, ni kama 38 ya Ufaransa, kwa hiyo usishtuke ukipewa namba kubwa, na usinunue bila kujaribu. Kwa nini nasisitiza kujaribu? Kwa sababu kwa sheria ya huko ukinunua dukani ana kwa ana hakuna haki ya kurudisha kitu kisa umebadili mawazo, zile siku 14 ni za kununua mtandaoni. Kikiwa kibovu hiyo ni tofauti, una dhamana ya miaka miwili, ila lazima uwe na risiti, inaitwa scontrino, itunze.

Kuhusu kupunguziwa bei, hii sio Kariakoo, usitaje nusu ya bei kwa fundi aliyekaa siku tatu kwenye kitu kimoja, inaumiza. Ukinunua vitu vitatu unaweza kuuliza kwa upole kama kuna sconto, mara nyingi atakata kidogo au ataongeza kazawadi. Kadi wanapokea, ni lazima kisheria, lakini kwa kitu cha euro tano mpe keshi. Na wale wanaotandika mikoba ya majina makubwa chini barabarani achana nao kabisa, Italia mnunuzi wa bidhaa feki naye anapigwa faini na inaweza kufika euro 7,000.

Kama unaishi nje ya Umoja wa Ulaya, mfano Tanzania au Kenya au Oman, na umenunua duka moja siku moja zaidi ya euro 70, una haki ya kurudishiwa kodi. Beba pasipoti, omba fomu ya tax free palepale unapolipa, sio kila fundi mdogo anafanya kwa hiyo uliza kabla. Uwanja wa ndege nenda forodha kabla hujakabidhi begi, vitu viwe vipya havijatumika maana wanaweza kutaka kuviona. Kodi yenyewe ni asilimia 22 lakini hautapata yote, kampuni zinazoshughulikia zinakata chao. Kama wewe unaishi Ujerumani au Ubelgiji hii haikuhusu hata kama pasi yako ni ya Burundi, wanaangalia unaishi wapi.

Karatasi za marumaru omba zikunjwe kwenye bomba la boksi na uzibebe mkononi ndani ya ndege. Viatu vya kushonwa kwa kipimo vinachukua miezi, mguu wako unachongewa mbao yake na jina lako linaandikwa juu, kwa hiyo ukienda kwa huyo fundi nenda siku ya kwanza ya safari sio ya mwisho.

Na kabla hujalipa uliza hiki kitu kikiharibika unakitengeneza? Dada yangu safari ya pili alipata mzee mmoja kichochoro cha nyuma ya Santo Spirito, akanunua mkoba wa kahawia, bei mara tatu ya ule wa kwanza, mzee akampigia herufi za jina lake ndani kwa nyundo akiwa amesimama hapo hapo, akamwambia mkanda ukichoka uniletee. Ukachoka, ni kweli, baada ya miaka minne ya daladala na mvua. Mwaka huu nilipokuwa naenda akanipa niupeleke. Mzee aliufungua, akausogeza kwenye mwanga, akasoma zile herufi, akauliza huyo dada mrefu hajambo? Jioni nikaufuata, mkanda mpya, mshono wa pembeni ambao sikumwambia nao kaurudia, na hakutaka hela ya huo mshono.